Mbale hadi Kapchorwa kwa baiskeli msimu wa vuli: mwongozo kamili wa siku moja

Kila vuli napigiwa simu ile ile. Mtu yuko Muyembe, mashariki mwa Uganda chini ya Mlima Elgon, jua liko utosini, miguu imekwisha, anauliza kama namjua mwenye pikapu wa kumpandisha Kapchorwa. Mwaka jana walikuwa wanne, kila mmoja kwa siku yake, wote vijana wenye mapafu mazuri kuliko yangu. Hakuna aliyeshindwa na mlima, maana mlima wenyewe hawakuugusa. Miguu waliimaliza kwenye tambarare ya Sironko, wakijiona mashujaa.

Wengine wawili walifika karibu na Sipi, juu mlimani, mvua ikawakuta kwenye kona saa tisa alasiri bila koti, breki zikilia kama mbuzi. Nao wakamalizia juu ya gari la viazi.

Basi nimeandika hatua zote mahali pamoja. Safari ni Mbale hadi Kapchorwa, kama kilomita 65, lami mwanzo mwisho, mzigo wa safari ukiwa kwenye keria. Mbale iko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya bahari, na hadi Muyembe unabaki humo humo. Sipi iko kwenye mita 1,775 hivi, na Kapchorwa inapanda zaidi. Yaani mita zaidi ya 600 za kupanda zinakungoja baada ya saa tatu za kupiga pedali. Mpangilio huo ndio unaowaangusha watu.

## Vitu vya kuwa navyo

Baiskeli yenye gia nyepesi kweli. Hesabu meno. Duara dogo la mbele lisiwe na meno mengi kuliko duara kubwa la nyuma. Mbele 22 na nyuma 34, kwa gurudumu la inchi 26, zinakusogeza kama mita 1.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Ile baiskeli nyeusi ya mizigo, yenye gia moja, inadai karibu mita 5 kwa mzunguko huo huo. Wapo wanaoipandisha Sipi kwa kuisukuma na mkungu wa matoke juu yake. Nawavulia kofia, ila wewe usiige.

Breki zenye raba nene, pamoja na seti moja ya akiba. Matope ya vuli yana mchanga, na mchanga unakula raba kama msasa.

Tairi zisizo na nyufa, pana kiasi, inchi 1.75 hadi 2. Nyembamba za mashindano ziache nyumbani.

Tyubu mbili nzima. Viraka na solusheni beba, lakini usivitegemee: solusheni haishiki kwenye tyubu yenye unyevu, na vuli kila kitu kina unyevu.

Pampu, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana za nati zako, kikata cheni, kiungo cha cheni cha akiba, waya mmoja wa breki na kichupa cha oili. Ijaribu pampu kabla ya safari. Nimekutana na watu watatu wenye pampu isiyoingia kwenye valvu yao.

Koti la mvua, sweta na soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Kapchorwa jioni ni baridi, na mtu aliyetoka Mbale na fulana tu hatakuwa na raha.

Taa ya nyuma, taa ya mbele na koti la rifleksa. Taa hizi si za usiku, ni za ukungu.

Chupa za maji za lita 2 kwa jumla, ndizi, karanga, sukari na chumvi.

Noti ndogo ndogo. Mwenye kibanda cha chai hana chenji ya elfu hamsini saa moja asubuhi.

Mzigo wote kwenye keria usizidi kilo 10. Tuseme wewe, baiskeli na nguo zako ni kilo 90, na mpando unakuchukua saa mbili na nusu. Ukiongeza kilo 10, kwa nguvu zile zile za miguu, utatumia karibu dakika 17 zaidi. Jiulize kama lile sufuria na jozi ya tatu ya viatu vina thamani ya dakika 17 za jua la Bulambuli, wilaya ya Muyembe.

## Hatua ya 1: Kagua baiskeli siku mbili kabla

Nasema siku mbili kwa sababu waya mpya wa breki hulegea baada ya kutumika kidogo, na kiti kilichoinuliwa leo kinaweza kushuka kesho. Fanya matengenezo, iendeshe mjini siku nzima, kisha kaza upya.

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe na uangalie kama linayumba. Bana spoku mbili mbili kwa vidole, iliyolegea utaijua. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa rimu pale raba inapogusa: ukihisi shimo kama bakuli, rimu hiyo imeliwa na haifai kushuka mlima.

Cheni ndiyo kubwa zaidi. Ishike pale inapozunguka duara la mbele, ivute kuelekea mbele. Ikinyanyuka hadi uone nusu ya jino chini yake, imechakaa. Mimi niliwahi kupuuza jambo hili. Fundi mmoja mjini aliniunganishia cheni kwa pini ya zamani, akaipiga nyundo, akasema, "Hii, ndugu yangu, itakuzika wewe." Ilikatika kona ya tatu baada ya kuanza kupanda, nikiwa nimesimama juu ya pedali. Goti likagonga usukani, nikakaa pembeni ya barabara nikiokota vipande kwenye majani kama mtu aliyedondosha shanga. Tangu siku hiyo nabeba kikata cheni changu, na pini iliyotolewa siirudishi.

Utajua umefaulu: baiskeli ikidondoshwa kutoka kimo cha kiganja haitoi sauti yoyote ila ya tairi. Kikilia kitu, kitafute.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Vuli ya huku haina majani ya kupukutika. Vuli yetu ni mvua, hasa kati ya Septemba na Novemba, na kwenye miteremko ya Elgon mvua hiyo ina ratiba. Asubuhi hewa ni safi. Jua linachoma mteremko, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanajikusanya kuanzia adhuhuri, na alasiri yanamwagika. Si kila siku, lakini mara nyingi kiasi cha kuipangia safari nzima.

Tazama siku tatu zilizotangulia, si utabiri wa siku yenyewe tu. Kama mvua imenyesha mfululizo mchana na usiku, ahirisha. Udongo wa mlima huu ukishiba maji unaondoka na watu: Bududa mwaka 2010 na tena Oktoba 2018, Bulambuli mwishoni mwa Novemba 2024. Mito inayoshuka kwenda tambarare nayo hupanda haraka. Barabara ya Kapchorwa haipiti katikati ya vijiji vilivyofukiwa, lakini mvua iliyoviangusha ni hiyo hiyo itakayokunyeshea. Mpigie mtu aliye Sipi au Muyembe umuulize barabara ikoje. Waendesha bodaboda wanajua kabla ya redio.

Jambo la pili watu wa mbali hulisahau. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba. Inaanza Agosti na kuendelea hadi Desemba, kwa hiyo vuli nzima utakutana na ngoma za kadodi barabarani kati ya Mbale na Bulambuli: mamia ya watu wakicheza, barabara imejaa ukingo hadi ukingo. Usipige kengele ukijipenyeza. Shuka, sukuma baiskeli pembeni, salimia "Mulembe", na wakikuvuta ucheze hatua mbili, cheza. Tenga nusu saa ya ziada kwa ajili hiyo. Mimi ngoma zilinila dakika arobaini, na sijutii.

## Hatua ya 3: Toka Mbale saa 12:15 asubuhi

Si saa moja, wala si "nikishakunywa chai". Kila saa unayochelewa Mbale utailipa kwa mvua ukiwa kwenye kona za juu.

Usiku uliotangulia kula vizuri, matoke au wali na maharage, na lala ndani ya chandarua. Asubuhi kunywa uji na kikombe cha maji. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni nzuri, lakini ile yenye mafuta ya kuchuruzika ifunge uile njiani. Tumboni ikiwa nzima saa moja asubuhi itakukumbusha kila ukiinama.

Kabla ya kupanda baiskeli, tazama mwamba wa Wanale ulio juu ya mji. Ukiuona ukingo wake wote ukiwa wazi na maporomoko yakining'inia kama nyuzi nyeupe, nenda. Ukiwa umefunikwa kabisa na mvua ya rasharasha inaendelea tangu usiku, rudi kulala, kesho ipo.

Fuata barabara ya Sironko. Ile ya Kumi na Soroti iache iende zake kushoto. Kaa upande wa kushoto wa lami, taa ya nyuma ikiwaka, maana saa hiyo taksi zinakimbizana kutafuta abiria na dereva anawatazama watu wa pembeni, si wewe.

## Hatua ya 4: Tambarare ya Sironko, mahali ambapo safari huharibika

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Ukitoka Mbale barabara ni laini, hewa ni baridi, mlima uko kulia kwako kama ukuta wa buluu, na miguu imelala vizuri. Utajikuta unakwenda kilomita 22 kwa saa bila kutaka. Watoto wa shule wanakushangilia. Kijana mwenye baiskeli ya maziwa anakupita, nawe damu inachemka unamfuata.

Usimfuate. Yeye anakwenda kilomita tatu, wewe una mpando wa saa mbili na nusu mbele yako.

Miguu ina akiba ndogo ya nguvu za haraka. Ukiitumia kwenye tambarare unafaidi muda mfupi tu, na ukifika kwenye mwinuko haipo. Mwili ukiishiwa sukari haukuonyi taratibu. Unaona jasho baridi, mikono inatetemeka, na hasira isiyo na sababu inakupanda dhidi ya mtu aliyetengeneza barabara. Kupona kunachukua saa nzima ya kukaa na kula. Ndipo simu zinapoanza kunifikia.

Kwa hiyo:

1. Kaa kwenye kilomita 14 hadi 15 kwa saa, hata ukijiona mvivu.
2. Tumia gia nyepesi, pedali zizunguke kama mara 70 kwa dakika. Ukihisi unazisukuma badala ya kuzizungusha, punguza gia.
3. Zungumza peke yako. Ukiweza kusimulia jambo zima bila kukata pumzi katikati, mwendo ni sawa. Ukitoa maneno matatu matatu, unakula akiba.
4. Kunywa maji mafundo mawili kila dakika 15.
5. Kula kitu kidogo kila dakika 40: ndizi moja au konzi ya karanga. Usingoje njaa.

Sironko mjini ni kama kilomita 23 kutoka Mbale. Ukifika kabla ya saa 1:45 asubuhi umekimbia mno: kaa chini, kunywa chai, jitulize. Saa mbili ndiyo saa nzuri.

Utajua umefaulu: unaondoka Sironko ukiwa na hamu ya kuongeza mwendo na unajizuia. Ukiondoka huna hamu hiyo, hali si nzuri.

## Hatua ya 5: Muyembe, kituo cha lazima

Hapa karibu njia zinaachana. Moja inanyooka tambarare kuelekea Nakapiripirit na Karamoja, nyingine inageuka kulia kukabili mlima. Ukiwa na saa tatu asubuhi hapa, uko vizuri.

Simama dakika 30, hata kama hujachoka. Jaza chupa zote. Chupa moja itengeneze hivi: kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga hadi viyeyuke. Ndiyo dawa ile ile ya mtoto anayeharisha, na kwa mtu anayemwaga jasho inafanya kazi yake vizuri kuliko soda. Usizidishe chumvi.

Sasa kula ile rolex.

Paka cheni oili, futa inayobaki. Bana breki zote mbili, sukuma baiskeli mbele: magurudumu yasizunguke. Weka koti la mvua juu kabisa ya mzigo, mahali ambapo mkono mmoja unaweza kulichomoa.

Onyo: kama saa imefika 5:00 asubuhi nawe bado uko Muyembe, usipande. Tafuta pa kulala hapo au rudi Sironko. Najua inauma. Wale waliopigwa mvua kwenye kona wote waliondoka hapa baada ya saa hiyo, kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

## Hatua ya 6: Kupanda hadi Sipi

Gia nyepesi kabisa weka kabla ya mwinuko wa kwanza, ungali kwenye tambarare. Ukibadilisha gia huku umekaza miguu, cheni inavutwa upande na mzigo wote ukiwa juu yake. Hapo ndipo inapokatika. Ukichelewa, fanya hivi: sukuma pedali kwa nguvu mara mbili upate mwendo kidogo, legeza miguu, badilisha, endelea.

Kilomita 5 hadi 6 kwa saa ndiyo kasi yako. Ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, na usione haya. Mzunguko 60 kwa dakika, kifua wazi, mikono imelegea juu ya usukani, kidevu juu. Ukiona umeng'ata meno, umeanza kupigana na baiskeli.

Kaa kwenye kiti. Kusimama juu ya pedali kunatafuna nguvu na kunafanya keria iyumbe. Simama sekunde ishirini tu, mara moja moja, ili mgongo unyooke.

Gawa mpando kwa dakika 25 za kupanda na dakika 5 za kupumua. Simama mahali panapoonekana kutoka mbali, kamwe si ndani ya kona. Ukisimama, geuka utazame ulikotoka. Tambarare inafunguka chini yako hadi macho yanachoka, na utaiona barabara uliyopita ikiwa uzi.

Kona za kushoto, kwa kuwa tunaendesha kushoto, upande wa ndani ndio wako na ndio mkali zaidi. Usiukate kwa kutanuka katikati ya barabara. Lori la kahawa linaloshuka halikutegemei hapo. Likitokea lori nyuma yako na kona ni nyembamba, toka kwenye lami, weka mguu chini, lipite. Utapoteza sekunde kumi.

Onyo kubwa: usishike lori linalopanda. Vijana wanafanya, nimeona, inaonekana rahisi. Mkono mmoja tu kwenye usukani, shimo moja ukingoni, na tairi la nyuma la lori liko nusu mita kutoka kichwani.

Watoto watakukimbilia, na wengine kwa wema wao watasukuma keria. Waombe waache, kwa upole: "Asanteni, wadogo zangu, mtaniangusha." Msukumo wa upande mmoja, kwa kasi ndogo hivi, unakutupa mtaroni.

Utapitwa pia na wakimbiaji. Kapchorwa ndiko alikotoka Stephen Kiprotich, aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, wa dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024. Siku moja binti mwembamba alinipita akikimbia, akasema "Pole, mzee" bila hata kuhema. Nilikuwa na umri wa miaka 36. Mjibu "Asante" na uendelee na kilomita zako tano.

Miguu ikikataa, shuka usukume. Kusukuma unakwenda kilomita 4 kwa saa, kupanda 5: tofauti yake ni ndogo kuliko aibu unayoiogopa. Dakika kumi za kusukuma zinabadilisha misuli inayofanya kazi, kisha unarudi kwenye kiti ukiwa mtu mwingine.

Utajua umefaulu: hewa imebadilika, jasho linakauka lenyewe, migomba na mibuni imekukaribia pande zote, na unaanza kusikia maji. Maporomoko ya chini ya Sipi, yale marefu kuliko mengine, yana karibu mita 100. Ukiwa hapo kati ya saa sita na saa saba mchana, siku umeishika.

## Hatua ya 7: Mvua ikikuwahi

Simu yako itasema mvua saa kumi. Usiiamini, waamini akina mama wa kahawa.

Vuli ni msimu wa kuvuna kahawa huku. Iliyokwisha kumenywa na kuoshwa inaanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, njano hafifu, ukiipita inanukia kama mkate unaoumuka. Mwaka juzi nilikuwa kona mbili chini ya Sipi, jua linawaka, nikamsalimia mama aliyekuwa anakusanya kahawa yake kwa ubao.

"Habari ya kazi, mama?"

"Mzuri. Kijana, wewe unaenda wapi?"

"Kapchorwa."

Akanitazama, akatazama juu kwenye mlima, mahali ambapo mimi sikuona kitu. "Ingia hapa kwanza."

Nilitaka kuendelea. Jirani yake naye akaanza kukunja, na wa ng'ambo ya barabara, na wa chini yake. Maturubai yote ya kona ile yakafungwa kwa zamu kama mtu anayezima taa. Nikamsaidia kushika ncha mbili, tukaburuta kahawa hadi barazani. Haikufika robo saa, mvua ikapiga mabati hatukusikizana tena.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukiona maturubai mawili yanakunjwa, tafuta paa. Omba hodi, hakuna atakayekufukuza. Kiswahili kinakutosha kabisa upande wa Sebei, yaani eneo la Kapchorwa, watu wako karibu na Kenya na wanakitumia sokoni kila siku.

Ukikosa paa, vaa koti kabla hujalowa, washa taa zote mbili na upunguze mwendo. Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa pungufu ya thelathini, acha kuendesha: toka kwenye mgongo wa kilima, usisimame chini ya mti ulio peke yake, iache baiskeli mbali na wewe. Nyumba au gari ni bora kuliko kibanda cha nguzo nne.

Mvua ikikatika usikimbilie kuondoka. Maji yanashusha udongo mwekundu kutoka mashambani na kuutandaza kwenye lami, hasa ndani ya kona. Unafanana na lami iliyolowa, lakini unateleza kama bamia. Upite wima, bila breki, bila kugeuza usukani ghafla.

Rimu zikiwa na maji, mbano wa kwanza wa breki unafuta maji tu, wa pili ndio unaoshika. Bana kidogo mapema, mita thelathini kabla ya mahali unapotaka kupunguza.

## Hatua ya 8: Sipi hadi Kapchorwa

Watu wengi wakifika Sipi wanaona wamemaliza, wanakula sahani mbili, wanapiga picha, miguu inaganda. Zimebaki kilomita kumi na kitu za kupanda na kushuka. Kula kiasi, vaa fulana kavu, ondoka saa saba.

Kwenye vishuko usishikilie breki moja kwa moja. Bana sekunde tatu, achia tatu, breki zote mbili, ya mbele ikifanya kazi kubwa na ya nyuma ikisaidia. Ukishikilia bila kuachia, rimu inapata joto, na joto la kutosha linapasua tyubu. Gusa rimu kwa haraka ukisimama: ikikuchoma, ngoja ipoe, na usiimwagie maji.

Ukungu ukishuka, taa ya nyuma iwake mfululizo. Kapchorwa mjini unapaswa kuwa kati ya saa nane na nusu na saa tisa.

## Hatua ya 9: Jioni ile ile, kabla ya kuoga

Ukioga kwanza hutarudi kwenye baiskeli, nakujua. Omba ndoo ya maji na kitambaa. Osha rimu na raba za breki, kwa kijiti toa vijiwe vilivyojikita kwenye raba, maana hivyo ndivyo vinavyochimba rimu. Futa cheni hadi kitambaa kitoke bila weusi mwingi, tia tone moja la oili kwa kila kiungo, zungusha, futa tena. Cheni iliyolowa ikilala hivyo usiku mmoja inaamka na kutu.

Vaa sweta mara tu ukimaliza, hata kama husikii baridi. Kunywa chai ya tangawizi, kula viazi vya huku, vina sifa yake.

Kisha pima raba za breki kwa jicho. Ukitaka kuendelea Suam kesho, ni kilomita 73 nyingine za milima hadi mpakani. Ukirudi Mbale, ni mteremko ule wote ulioupanda leo. Kwa vyovyote, raba iliyobakiza mistari ya chini ya milimita mbili ibadilishe usiku huu huu ukiwa na taa na meza, kaza waya, na ulale umeacha baiskeli ndani ya nyumba.